Mgongo wa Chiriku

Mshonaji aliyeitwa Sindano alikuwa na tabia moja ambayo wateja wake walishaizoea: hakuwahi kumwambia mtu ageuke. Mafundi wengine humpima mteja kifua, wakamwambia geuka, wakampima mgongo. Sindano alizunguka mwenyewe. Futi shingoni, pini tatu mdomoni, alimzunguka mteja taratibu kama mtu anayekagua nguzo kabla ya kuiegemea. Alipima mbele, akapima ubavu, akafika nyuma, na mteja bado amesimama pale pale alipoanzia.

"Fundi, utashikwa na kizunguzungu," mama mmoja mwenye mwili mkubwa alimtania. "Kunizunguka mimi si mchezo, ni safari."

"Simama wima," Sindano akamjibu, meno yamebana pini. "Safari ni yangu, wewe ni kituo tu."

Alikuwa na miaka hamsini na minane, mrefu, mkavu, macho makali. Chumba chake cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba, dirisha moja likitazama barabara. Humo mlikuwa na cherehani ya miguu aliyoipenda, cherehani ya umeme asiyoiamini, kabati la vitambaa, na kioo kirefu kilichopasuka pembe. Migongo aliijua kuliko nyuso. Mtu akipita nje amempa kisogo, Sindano angeweza kukwambia ni nani kwa bega lililoshuka tu, na kama gauni alilovaa lilishonwa hapa au kwa mwingine.

Lakini mgongo mmoja ulimsumbua kuliko yote, na huo ulirudi kila Desemba, kwenye televisheni.

Filamu yenyewe ni ya kuchekesha, hakuna ubishi. Inaitwa *Babu Kakalia Keki*. Baba mmoja amekuwa akimwandikia babu barua za majigambo, kwamba anaishi kwenye jumba la ghorofa. Babu anaamua kuja kula Krismasi humo. Baba anahaha, mwisho anaihamishia familia yake kwenye nyumba ya bosi wake aliyesafiri. Bosi anarudi mapema. Watu wanajificha kwenye makabati, na babu, katika kutafuta pa kujificha, anakalia keki. Kwa aibu anakataa kunyanyuka, akisema kiti hiki kinamfaa mgongo, na nusu ya filamu iliyobaki wanambeba na kiti chake, chumba hadi chumba. Watoto huanguka chini kwa kicheko. Watu wazima husema wameichoka, kisha wanavuta kiti.

Katikati ya vurugu hiyo kuna tukio la jikoni. Mama wa familia yuko kwenye sinki anaosha vyombo, ametupa mgongo. Dirishani, mbele yake, baba na shangazi wanapita wamembeba babu, mara wanaelekea kulia, mara wanaelekea kushoto. Muziki unapigwa kwa nguvu. Ni sekunde kumi na moja. Watu wote hutazama dirishani. Sindano alitazama sinki, kwa sababu mwanamke yule aliyetupa mgongo hakuwa mwigizaji. Alikuwa mdogo wake.

Walimwita Chiriku, na hakuna aliyelazimika kueleza kwa nini. Aliongea akiamka, aliongea akila, aliongea akisuka nywele za watu. Chumba alichoingia kilijaa, na akitoka watu walisikia masikio yao yakipoa. Wakati filamu inatengenezwa, Sindano aliajiriwa kushona mavazi yote, na Chiriku alimfuata kazini akiwa na mtoto wa miezi saba mgongoni. Hakuwa na kazi pale. Alichekesha watu wa taa, akawafundisha waigizaji jinsi ya kucheka vizuri zaidi, na mtoto wake akalala kwenye kasha la vifungo. Ndiyo maana mtoto huyo akaitwa Kifungo.

Siku mbili kabla ya kuirudisha nyumba waliyoazima kwa kazi, mwigizaji wa Mama aliamka jicho limevimba kama andazi, kwa sababu ya poda mpya. Tukio la jikoni lilikuwa bado. Mwongozaji akazungusha macho, akamwona Chiriku: urefu ule ule, nywele zile zile.

"Huyu tumpige kwa nyuma," akasema.

Gauni la Mama lilimpwaya. Sindano akalibana kwa pini tisa kutoka shingoni hadi kiunoni, akazificha kwenye mikunjo, moja tu ikabaki imejitokeza. Mpaka leo, ukitazama vizuri, utaiona pini hiyo ya tano iking'aa mgongoni mwa Mama kama jicho. Kosa la Sindano hilo, pekee katika filamu nzima. Kisha akamwambia mdogo wake sharti moja, mara tatu: asigeuke. Akigeuka tu, ameharibu, maana watu wataona si Mama.

Siku kumi na moja baadaye Chiriku akashikwa na homa. Siku ya nne wakamzika.

Picha zake zilikuwa tano, zikiwa ndani ya sanduku la chuma juu ya kabati. Mvua za mwaka uliofuata zikapenya darini, na Sindano alipolifungua akakuta zimegandamana. Alizibandua kwa mvuke wa birika, kwa subira ya fundi. Zilibanduka, lakini nyuso zikabaki zimeshikana na migongo ya picha nyingine, madoa meupe juu ya magauni aliyoyashona mwenyewe.

Ikabaki filamu. Kila Krismasi mchana Sindano aliketi na Kifungo, wakasubiri jikoni kufike. Alipokuwa na miaka mitatu, Kifungo aliambiwa yule ni mama yako. Mtoto akatazama, akanyanyuka, akazunguka nyuma ya televisheni kwenda kumwona usoni. Alikaa huko kitambo. Aliporudi alikuwa na vumbi puani.

Miaka ikaenda. Aliyeigiza babu alikufa, akafuata aliyeigiza bosi, akafuata shangazi. Kila mwaka waliokaa kwenye meza ile ya Krismasi walipungua duniani, ila mezani hawakupungua. Walicheka vile vile, wakamwagiwa mchuzi ule ule. Sindano hakuwaogopa hao. Walikuwa na nyuso. Aliogopa sinki. Mwaka mmoja angeapa kwamba kichwa cha Chiriku kimeinama kushoto zaidi ya mwaka uliopita. Mwaka mwingine aliona kama bega la kulia linaanza kuja. Alikaa ukingoni mwa kiti, vidole vimeshika futi, akitamani na kuomba isitokee. Kisha sekunde kumi na moja zikaisha, ikaja sebule, watu wakacheka.

Sababu ya hofu hiyo aliijua yeye na mtu mmoja mwingine. Chiriku aligeuka. Mara ya kwanza walipolipiga lile tukio, aligeuka mzima, uso kwenye kamera. Kipande kile kikatupwa, wakapiga upya. Siku ya mazishi mpiga picha wa filamu ile alimsogelea Sindano, akamwambia kwa sauti ya chini, "Kile kipande alichogeuka ninacho. Hawakukifuta. Siku ukikitaka, nyumbani kwangu unapajua."

Sindano akashukuru. Hakwenda mwaka ule, wala uliofuata. Kwenye kipande kile kulikuwa na sauti yake mwenyewe, nyuma ya kamera, ikimkemea marehemu. Maneno yote hakuyakumbuka. Sauti aliikumbuka: kali, kama kitambaa kinachochanwa. Baada ya siku ile walisemezana mengi na mdogo wake, hata mazuri, hata ya kitandani kwenye homa. Lakini hayo yalipita na hewa. Yaliyonaswa ni yale ya ukali, na aliona afadhali uso ubaki huko kuliko mtoto wa Chiriku aje asikie jinsi mama yake alivyosemeshwa. Kifungo alipouliza kama kweli hakuna picha nyingine popote, Sindano alisema hakuna. Alisema mara ya kwanza, na baada ya hapo ikawa kazi ya kurudia tu.

Filamu ilipotimiza miaka ishirini na mitano, kituo cha televisheni kiliwaalika waliobaki kwenye ukumbi wake, Jumamosi moja mchana. Kifungo akaomba ruhusa duka la dawa alikofanya kazi, akamsindikiza mama yake mkubwa. Pale mbele mtu fulani alikuwa ameweka kiti cha babu, na juu yake keki nzima yenye sukari nyeupe. Ilikusudiwa kuchekesha. Watu walipoingia wakakitazama kiti, wakapunguza sauti, na hakuna aliyekaa karibu nacho.

Mama wa filamu alikuja na fimbo na miwani mikubwa. "Huyu ndiye Kifungo? Njoo nikuone, mwanangu. Robo karne watu wananisifia mgongo wa jikoni. 'Mama, ulikuwa na kiuno wewe.' Nawaambia ahsante. Sijawahi kuwa na kiuno kile hata ndotoni. Cha mama yako kile."

"Kumbe umekula sifa za mama yangu miaka yote hiyo," Kifungo akasema.

"Nimezila na sijashiba. Ukitaka nikurudishie, nirudishie na wewe jicho langu."

Wakacheka. Mpiga picha, mzee sasa, kofia mkononi, alikuwa amesimama pembeni akimtazama Kifungo bila kupepesa. "Unafanana naye mpaka inatisha," akasema. "Hasa hapa, kwenye shavu. Nilimtazama wiki iliyopita tu."

"Ulimtazama mgongo," Kifungo akamrekebisha kwa upole.

"Hapana, uso. Kile kipande alichogeuka." Mzee akamtazama Sindano, kisha akaitazama kofia yake. "Sindano. Hukumwambia?"

Hawakungoja filamu iishe. Nyumbani Kifungo hakuvua viatu, alisimama katikati ya chumba cha kazi, kati ya cherehani mbili.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya mazishi."

Kifungo akaitika kwa kichwa, kama mtu anayesomewa hesabu ya dozi. "Nilizunguka nyuma ya televisheni, Mama mkubwa. Nakumbuka. Kulikuwa na waya na mende mmoja mfu. Na wewe ulikuwa umekaa hapo unaniangalia, na ulijua uso uko wapi."

"Mimi nimo humo," Sindano akasema. "Sauti yangu imo."

"Sauti yako naisikia kila siku. Ya mama sijawahi kuisikia." Akafungua mlango. "Kesho naenda. Ukija, sawa. Usipokuja, sawa pia."

Usiku huo Sindano hakulala vizuri, na asubuhi alikuwa wa kwanza kuvaa.

Nyumba ya mpiga picha ilikuwa na harufu ya karatasi na plastiki kuukuu. Kanda zilipangwa mpaka darini, kila moja na kibandiko cha mwandiko wake. Mezani kulikuwa na televisheni ndogo ya zamani na deki iliyofunuliwa tumbo. Aliwaeleza bila kuzunguka: kanda imeota ukungu, ameisafisha anavyoweza. Wiki iliyopita ilipita ikilia. Leo huenda ikapita, huenda ikakatika. Mara ya pili hawezi kuahidi.

"Mara moja inanitosha," Kifungo akasema. Akatoa simu yake, akaishika kwa mikono miwili mbele ya kioo, tayari kurekodi. Akaegemeza viwiko mezani.

Mzee alipoinama kuitia kanda, Sindano akamwinamia sikioni. "Sauti inazimika?"

Mzee hakushangaa. Kwa kidole alionyesha kidude cheusi cha kuzungusha, upande wa televisheni alikokaa Sindano. "Kushoto kabisa, inakufa," akanong'ona. "Atajua kanda imezeeka tu. Mimi sitasema neno."

Basi ikawa hivyo. Kidude kilikuwa karibu na mkono wake, na mkono wake ulikuwa umezoea vitu vidogo. Akakishika, akakizungusha kushoto, kikagota. Kioo kikawaka. Mistari ikapita, mchanga ukapita, halafu tukio la jikoni likaja, bila muziki, bila chochote, na mgongo wa Chiriku ukasimama pale na pini zake tisa.

Sindano alikuwa ameutazama mgongo ule mara ishirini na nne, na sasa aliona kwamba ulikuwa ukisema kitu. Mabega yalicheza. Chiriku, ambaye kuwa naye chumba kimoja na asiongee kulimaanisha anaumwa, alikuwa akiongea na masufuria. Kifungo alikuwa ameisogeza simu mpaka ikakaribia kugusa kioo, na midomo yake ilijisogeza, ikijaribu kuokota maneno kutoka kwenye mgongo.

Hapo ndipo Sindano alipoona anachokifanya. Chiriku bila sauti. Ni mtu gani huyo? Alikuwa anampa mtoto uso wa mwanamke mwingine kabisa.

Akakizungusha kidude kulia, mpaka mwisho.

Chumba kikajaa. Maji yalimwagika, vyombo viligongana, na sauti nyembamba, ya haraka, isiyo na nukta wala mkato, ilikuwa ikiisema sufuria kwamba imekula wali wa watu na sasa haitaki kuoga, sufuria gani isiyo na haya. Kifungo akatoa pumzi kwa mdomo. Kisha, nje ya picha, mtoto mchanga akalia.

Bega la kulia likaja. Lile lile alilokuwa akiliogopa. Lilikuja bila haraka, gauni likavutika, pini ya tano ikang'aa, na Chiriku akageuka mzima, mikono ina povu, shavu lina tone la maji, miaka ishirini na mitatu. Uso wake ulikuwa umeshaanza kutabasamu kabla haujafika. Hakuitazama kamera. Alitazama chini, kando yake, pale palipokuwa na kasha la vifungo.

"Dada," akasema, "ananiita."

Ikaja sauti ya Sindano, karibu sana, kali kama alivyoikumbuka. "Angalia mbele wewe, unaharibu kazi ya watu. Mtoto yuko nami. Usigeuke tena."

Chiriku akamtazama dada yake. Tabasamu halikuondoka, lilikaa tu kama taa iliyosahauliwa mchana. Akafuta povu kwenye gauni, akasema, "Haya, dada," akageuka, akatupa mgongo. Mtoto aliendelea kulia. Mgongo ukabaki umekaza, mabega hayachezi tena, hasemi na sufuria wala na mtu. Amesimama kama alivyoambiwa. Kisha kanda ikalia ndani ya deki, picha ikavutika kama ute, ikakatika.

Mzee akaizima deki. Nje kulipita mtu anaburuta kitu cha chuma.

"Kumbe ndiyo hiyo," Sindano akasema. Hakumtazama mtu. "Ile mnayoiona kila mwaka. Si kwamba hataki kugeuka. Mimi ndiye niliyemwambia."

Kifungo alikuwa bado ameishika simu juu, ikirekodi kioo cheusi. "Nilikuwa nalia mimi?"

"Ulikuwa unalia wewe. Hukunyamaza mpaka jioni. Ndiyo maana wakaweka ule muziki, kukufunika."

"Na akageuka."

"Akageuka."

Kifungo akaishusha simu taratibu, akaizima. Akajifuta uso kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu. "Una sauti mbaya ukikasirika, Mama mkubwa," akasema.

"Najua."

"Lakini ulisema niko nawe." Akaitia simu mfukoni. "Twende. Nina zamu mchana."

Krismasi ya mwaka huo ilikuja na jua na upepo. Kifungo alikuwa na mwaliko jioni, na gauni lake jipya lilikuwa bado pindo, kwa hiyo alisimama katikati ya chumba cha kazi huku televisheni ya sebuleni ikionekana kupitia mlango ulioachwa wazi, na Sindano amepiga magoti nyuma yake, pini mdomoni. Walisikia keki inakaliwa. Walisikia babu anakataa kunyanyuka. Walikuwa hawajaizungumzia kanda tangu siku ile, ingawa usiku mwingine, kupitia ukuta wa chumba cha Kifungo, Sindano alisikia ile sauti nyembamba ikiisema sufuria, ikifika mahali pa kilio, na kukatika, kisha ikianzishwa upya.

Tukio la jikoni likafika. Wote wawili wakatazama. Muziki ukapigwa, watu wakapita dirishani na kiti chao, na chini ya muziki, sasa kwa kuwa walijua pa kusikiliza, kulikuwa na mtoto. Alikuwapo miaka yote. Kwenye sinki Chiriku alisimama na pini yake, ametii, kichwa kimeinama kushoto upande ule ule kinakotoka kilio, kidogo, kwa kadiri mtu anavyoweza kuinama bila kuharibu kazi ya watu.

Sekunde kumi na moja zikaisha. Ikaja sebule ya filamu, watu wakaanza kucheka.

Sindano alibaki amepiga magoti mbele ya mgongo wa gauni alilolishona. Bega la kulia lilikuwa chini kidogo kuliko la kushoto. La familia hilo. Mbele pindo lilikuwa bado. Magoti yake yalishajiandaa kuzunguka, kama yalivyozoea. Akazitoa pini mdomoni, moja, nyingine, ya tatu, akazishika kiganjani.

"Geuka," akasema.

Sauti haikuwa kali. Ilikuwa imekauka kwa kutotumika kwenye neno hilo. Kifungo alisita, maana katika maisha yake yote hapo nyumbani hakuwahi kuambiwa hivyo. Kisha bega lile likaanza kuja.